Msuli mmoja, sampuli mbili: kisa cha nyuzi za paja la nguruwe zilizotoa jibu lisilo lake

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachosimuliwa hapa kinatokana na utafiti wa shahada ya uzamili uliofanywa katika chuo kimoja cha kilimo na mifugo Afrika Mashariki. Majina ya chuo, wilaya, machinjio na wahusika yameondolewa, na idadi ya wanyama haitajwi kwa sababu peke yake ingetosha kuutambulisha utafiti wenyewe kwa walio karibu nao. Mimi nilihusishwa baada ya sampuli kukusanywa na hesabu ya kwanza kukamilika, msimamizi aliponiomba nizisome slaidi upya bila kujua zimetoka kwa mnyama yupi. Ninakiandika kwa ajili ya wanafunzi na mafundi maabara wanaofanya kazi na misuli ya nguruwe, kwa kuwa kosa lililojitokeza ni rahisi kulifanya, ni gumu kuliona, na mnyama huyu hulikaribisha kuliko wanyama wengi wa kufugwa.

Usuli wa utafiti

Swali la mwanafunzi lilikuwa la maana na lilitoka kwa watu. Wafugaji na wauza nyama wengi husema kwamba nguruwe anayetembea huwa na nyama nyekundu na ngumu zaidi, hasa miguuni, kuliko nguruwe wa bandani. Mwanafunzi alitaka kujua kama wekundu huo unaonekana katika nyuzi za misuli zenyewe. Alichukua nguruwe chotara wa Large White na Landrace kutoka kwa majike ya shamba moja, akawagawa ndugu wa kila uzao katika makundi mawili: kundi la kwanza likakuzwa katika mabanda ya sakafu ya saruji, na la pili katika kiwanja cha wazi chenye uzio maradufu. Mgawanyo huo ulikuwa mzuri, kwa kuwa tofauti za ukoo zilienea sawasawa katika makundi yote mawili.

Uzio maradufu haukuwekwa kwa ajili ya kuzuia wezi. Homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haina tiba, na nguruwe anayerandaranda huweza kuuokota ugonjwa huo kwa urahisi; vilevile huweza kuokota mayai ya tegu palipo na kinyesi cha binadamu. Tahadhari hiyo inahitaji kukumbukwa, kwa kuwa ni homa hiyohiyo ambayo baadaye, bila kumgusa hata mnyama mmoja wa utafiti, ilivuruga ratiba ya uchinjaji.

Msuli uliochaguliwa ni semitendinosasi, ule mrefu ulio nyuma ya paja, unaoanzia kwenye mfupa wa makalio na kuishia sehemu ya juu ya muundi. Pamoja nao ilichukuliwa sampuli ya longisimasi, msuli mrefu wa mgongoni, ili kuwa na msuli wa kulinganishia ambao si wa mguu.

Nyuzi zenyewe, na kwa nini nguruwe ni mnyama wa pekee

Kila uzi wa msuli ni seli moja ndefu, na aina yake hutambuliwa hasa kwa protini ya mayosini iliyo ndani yake, ambayo ndiyo huamua kasi ya kujikunja. Nyuzi za aina ya I hujikunja polepole, zina mitokondria (vinu vya nishati vya seli) nyingi na mayoglobini nyingi inayozipa wekundu, hutumia oksijeni na mafuta, na hazichoki upesi. Nyuzi za aina ya IIA hujikunja kwa kasi lakini bado zina uwezo mkubwa wa kutumia oksijeni. Nyuzi za aina ya IIB ndizo zenye kasi kuliko zote; ni nyeupe, hutegemea glaikojeni, yaani wanga iliyohifadhiwa ndani yake, na huchoka mapema. Kati ya hizo mbili za mwisho kuna aina ya IIX, ambayo tabia zake pia ziko katikati. Zipo vilevile nyuzi zenye mayosini za aina mbili kwa wakati mmoja, na hizo huonekana zaidi pale msuli unapokuwa katika mabadiliko.

Nguruwe hutofautiana na binadamu na farasi kwa kuwa na aina zote nne katika misuli ya miguu yake. Misuli ya miguu ya binadamu na farasi haina nyuzi za IIB. Hilo lilichelewa kufahamika, na uchelewaji huo umeacha mtego katika maandishi. Mwaka 1970 Brooke na Kaiser waliweka mpangilio wa I, IIA na IIB kwa kutumia rangi inayoonyesha utendaji wa kimeng'enya cha mayosini kinachovunja ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, baada ya kukiloweka katika asidi au alkali ya viwango mbalimbali. Katika nguruwe, kundi linaloitwa IIB kwa njia hiyo hujumuisha IIX na IIB pamoja. Ni mwaka 1998 ndipo Lefaucheur na wenzake walipoonyesha wazi kwamba nguruwe mkubwa ana mayosini tatu tofauti za kasi. Kwa hiyo msomaji anayelinganisha makala ya zamani na ya sasa hana budi kuuliza kwanza ni IIB ipi inayozungumziwa, vinginevyo atalinganisha vitu viwili vilivyopewa jina moja.

Upekee wa pili ni mpangilio. Katika wanyama wengi nyuzi za polepole hutawanyika katikati ya nyuzi za kasi zikichanganyika nazo. Katika nguruwe hukaa pamoja kama visiwa: nyuzi za aina ya I huwa katikati, huzungukwa na za IIA, kisha hufuata za IIX na IIB upande wa nje. Chanzo chake ni namna msuli unavyoundwa tumboni mwa mama. Mimba ya nguruwe huchukua takriban siku 114. Wimbi la kwanza la nyuzi hutokea mapema, na wimbi la pili hujipanga kuzizunguka zile za kwanza, hadi idadi yote ya nyuzi inapokamilika takriban siku ya 90 ya mimba. Baada ya kuzaliwa, msuli hukua kwa nyuzi kunenepa na kurefuka. Haukui kwa kuongeza nyuzi mpya. Maisha ya nje ya banda yanaweza kubadili unene wa uzi, wingi wa mitokondria na hata aina ya mayosini, lakini hayawezi kuongeza idadi.

Upekee wa tatu ndio kiini cha kisa hiki. Semitendinosasi ya nguruwe si msuli wa rangi moja. Sehemu yake ya ndani, iliyo karibu na mfupa, ni nyekundu na ina nyuzi nyingi za aina ya I. Sehemu ya nje, iliyo karibu na ngozi, ni nyeupe na nyuzi hizo ni chache mno. Yeyote aliyewahi kukata paja kwa msumeno ameiona tofauti hiyo kwa macho, na watengenezaji wa nyama ya paja iliyotiwa chumvi huijua vizuri kwa kuwa kipande hubaki na rangi mbili hata baada ya kupikwa. Maana yake kwa mnyama inaeleweka: sehemu ya ndani hufanya kazi ya kudumu ya kuushikilia mguu anaposimama, na sehemu ya nje hungoja mwendo wa ghafla.

Mambo yalivyokwenda

Mpango wa awali ulikuwa kuwachinja wanyama wa makundi yote mawili siku moja, kwa kuwachanganya. Wiki ya uchinjaji ilipofika, mlipuko wa homa ya nguruwe uliripotiwa katika wilaya ya jirani na usafirishaji wa nguruwe ukazuiwa kwa muda. Nguruwe wa bandani walikuwa wameshahamishiwa karibu na machinjio, hivyo wakachinjwa kama ilivyopangwa. Wale wa kiwanjani walibaki shambani hadi zuio lilipoondolewa, ndipo wakachinjwa siku nyingine, kwa zamu nyingine ya wachinjaji.

Sampuli zilichukuliwa kwenye paja la kulia kwa siku zote mbili. Itifaki iliyoandikwa ilisema: "chukua kipande cha semitendinosasi katikati ya urefu wa msuli." Haikusema ni kwa kina gani. Vipande viligandishwa ndani ya isopenteni iliyopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, njia iliyo sahihi kwa sababu msuli ukigandishwa polepole chembe za barafu huitoboa seli. Kazi hiyo ilifanywa kwa uangalifu na slaidi zilikuwa nzuri. Paja la kushoto la kila mnyama lilihifadhiwa zima kwenye jokofu la kugandisha, kwa ajili ya utafiti mwingine uliohusu mafuta.

Maabara haikuwa na fedha za kununua kingamwili za mayosini, yaani protini zinazojishika kwenye mayosini na kutambulisha aina yake, hivyo nyuzi zilitambuliwa kwa njia ya kimeng'enya cha ATP, baada ya kulowekwa katika asidi ya pH 4.6 na katika alkali ya pH 10.3. Hesabu ya kwanza ilionyesha jambo la kushangaza. Katika semitendinosasi, nguruwe wa kiwanjani walikuwa na nyuzi za aina ya I kwa wingi uliowazidi wa bandani mara kadhaa, na karibu hapakuwa na mwingiliano kati ya makundi mawili. Katika longisimasi, makundi yalikuwa sawa. Mwanafunzi aliandika rasimu ya sura ya matokeo akieleza kwamba kutembea kumebadili msuli wa mguu na kuuacha wa mgongo, maelezo yanayovutia na yanayoafikiana kabisa na wanayosema wauza nyama.

Shaka ilivyoanza

Msimamizi hakuyakataa matokeo, bali alisema ni makubwa mno. Sababu yake ilikuwa ya kifiziolojia. Mazoezi, katika nguruwe na katika wanyama wengine waliochunguzwa, huzisukuma nyuzi za kasi kutoka IIB kuelekea IIX, na kutoka IIX kuelekea IIA. Badiliko la nyuzi za kasi kuwa za polepole kwa kutembea tu ni dogo na ni la nadra. Kama kiwanja kingekuwa kimefanya kazi, tungetarajia kuona IIA zikiongezeka, na aina ya I zikibaki karibu palepale. Hapa ilikuwa kinyume, kwani aina ya I ndizo zilizoruka.

Niliposoma slaidi bila kujua makundi, niliona alama nyingine. Katika slaidi za kundi moja, visiwa vya nyuzi za aina ya I vilikuwa vikubwa na vimekaribiana hadi vingine kugusana. Katika kundi la pili vilikuwa vidogo na viko mbalimbali, vyenye nyuzi chache kila kimoja. Idadi ya visiwa na nafasi zake hufuata ramani iliyochorwa kabla ya kuzaliwa. Tofauti ya namna ile inapoonekana kati ya ndugu wa uzao mmoja, maelezo ya kwanza yanayopaswa kuja akilini ni kwamba tunatazama sehemu mbili tofauti za msuli, kabla ya kufikiri kwamba tunatazama maisha mawili tofauti. Ningeandika hivyo hata kama nisingeambiwa chochote kuhusu machinjio.

Msimamizi alimwita fundi maabara aliyekuwepo siku zote mbili na kumuuliza, bila lawama, vipande vilikatwaje. Jibu lake lilimaliza mjadala: "Daktari, siku ya kwanza mzoga ulikuwa unaning'inia, nikakata kutoka upande wa ngozi. Siku ya pili mapaja ya kulia yalikuwa yameshatolewa mifupa kwa ajili ya wateja, nikakata upande uliokuwa wazi." Upande uliokuwa wazi ni ule uliokuwa umeelekea mfupa. Nguruwe wote wa bandani walikuwa wamepimwa kwenye sehemu nyeupe, na wote wa kiwanjani kwenye sehemu nyekundu. Longisimasi, ambayo itifaki ilitaja mahali pake kwa kuhesabu mbavu, ilikatwa mahali pamoja siku zote mbili, na ndiyo sababu haikuonyesha tofauti yoyote.

Uamuzi uliofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha uchambuzi wa takwimu. Mwanafunzi alipendekeza kwamba kina cha sampuli kiingizwe kwenye hesabu kama kigezo cha kurekebisha. Pendekezo hilo lilizingatiwa na kukataliwa, kwa kuwa kina na kundi vilikuwa kitu kimoja katika data ile: hapakuwa na mnyama hata mmoja wa bandani aliyepimwa ndani, wala wa kiwanjani aliyepimwa nje. Hakuna hesabu inayoweza kutenganisha vitu viwili ambavyo havikuwahi kuachana.

Uamuzi wa pili ulihusu kingamwili. Mfadhili mmoja alikuwa tayari kuzinunua, na mwanafunzi aliamini zingeokoa kazi. Msimamizi alikataa kwa wakati ule, na ninaona alikuwa sahihi. Kingamwili zingetenganisha IIX na IIB vizuri kuliko njia ya asidi na alkali, lakini zingefanya hivyo kwenye vipande vilevile vilivyokatwa mahali pasipolingana. Aidha, kingamwili zilizozoeleka kwa panya hazina tabia ileile kwa nguruwe. Ile iitwayo SC-71, ambayo katika panya hutumiwa kutambua IIA, katika nguruwe hushika pia IIX, hivyo hulazimu kuitumia pamoja na BF-35, inayoshika I na IIA, na BF-F3, inayoshika IIB, kisha kuitambua IIX kwa kulinganisha majibu ya zote. Ni kazi ya vipande vinne au vitano vinavyofuatana vya kila sampuli, na hakuna sababu ya kuigharamia sampuli isiyojulikana ilipotoka.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kurudi kwenye mapaja ya kushoto. Yalikuwa mazima, yenye mfupa na ngozi, na yalitoka kwa wanyama walewale. Kasoro yake ilikuwa kwamba yaligandishwa polepole, kwa hiyo hayakufaa kwa hadubini. Protini za mayosini, hata hivyo, haziharibiwi na barafu jinsi umbo la seli linavyoharibiwa. Iliamuliwa kila paja likatwe kwa msumeno katikati ya urefu wa semitendinosasi, uso wote wa msuli upigwe picha ukiwa na rula kando yake, kisha vichukuliwe vipande viwili, cha ndani na cha nje, kwa ajili ya elektroforesi ya mayosini, yaani kuzitenganisha protini hizo kwa umeme kwenye jeli. Kwa njia hiyo mayosini ya polepole hujitenga vizuri na zile za kasi. Kuzitenganisha zenyewe kwa zenyewe mayosini za kasi za nguruwe ni kazi ngumu, na maabara ile haikuwa na uzoefu nayo. Iliandikwa wazi, kabla ya jeli ya kwanza kumiminwa, kwamba jaribio hili lingeweza kujibu swali la polepole dhidi ya kasi tu, na lisingesema lolote kuhusu IIA.

Uamuzi wa nne ulipita haraka lakini unastahili kutajwa. Mwanafunzi alikuwa amepanga pia kupaka rangi ya glaikojeni kwenye sampuli za kulia. Mpango huo ulifutwa, kwa kuwa glaikojeni huendelea kuvunjwa na kuwa asidi ya laktiki saa kadhaa baada ya kifo, na sampuli za siku mbili zile zilichukuliwa kwa muda tofauti baada ya kuchinja. Mayosini huvumilia muda huo, glaikojeni haivumilii.

Matokeo

Picha peke yake zilitosha kumsadikisha mwanafunzi. Katika kila paja, la bandani na la kiwanjani, msuli ulionekana mwekundu ndani na mweupe nje, na mpito kati ya rangi hizo ulikuwa wa hatua kwa hatua, hauna mpaka unaoweza kushikwa kwa kisu. Jeli zilithibitisha: ndani ya mnyama mmoja, kipande cha ndani kilikuwa na mayosini ya polepole nyingi kuliko cha nje, kwa wanyama wote. Vipande vya mahali pamoja vilipolinganishwa kati ya makundi mawili, thamani ziliingiliana na tofauti haikuweza kuonyeshwa.

Tasnifu iliandikwa upya. Kichwa chake kilihama kutoka athari za kutembea na kuwa tofauti za ndani ya msuli, na suala la bandani na kiwanjani likaripotiwa kuwa halikujibiwa kwa upande wa nyuzi za kasi. Ilichelewa, lakini ilipita, na watahini waliisifu sura ya mbinu kuliko sura nyingine zote.

Uchambuzi: kilichofaa

Kilichookoa kazi hii kwanza ni msuli wa kulinganishia. Longisimasi ilikatwa mahali palipotajwa, na uthabiti wake uliondoa maelezo mengine mengi: haikuwezekana kusema kwamba rangi ziliharibika siku ya pili, au kwamba pH ya myeyusho ilikosewa, kwa kuwa makosa hayo yangeonekana kwenye misuli yote miwili. Wanafunzi wengi huona msuli wa pili kuwa gharama isiyo ya lazima. Ningependa waufikirie upya.

Pili ni kusoma slaidi bila kujua kundi. Mtu anayejua kwamba slaidi hii ni ya nguruwe aliyetembea huona kutembea ndani yake, naye si mwongo. Jicho hutafuta lilichoambiwa. Nilipozipanga slaidi kwa ukubwa wa visiwa tu, zilijigawa zenyewe katika mafungu mawili kamili, na ukamilifu huo ndio uliotia shaka, kwa kuwa malezi hayagawi wanyama hai kwa unadhifu wa namna ile.

Tatu ni namna msimamizi alivyomuuliza fundi. Fundi hakuwa amekosea. Alifuata itifaki iliyokuwa kimya kuhusu kina, katika mazingira ambayo wateja walikuwa wanangoja nyama. Angeulizwa kwa ukali, huenda angejibu kwamba alikata kama kawaida, na jibu hilo nalo lingekuwa la kweli. Ujuzi wa kilichotokea mezani ulikuwa kwake peke yake, na ulipatikana kwa sababu aliheshimiwa.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Udhaifu mkubwa ulikuwa kuudhania msuli kuwa kitu kimoja kwa sababu una jina moja. Ramani ya paja la nguruwe imejulikana kwa miongo mingi: misuli iliyo ndani kabisa, kama vastasi intamediasi inayogusa mfupa wa paja, ni myekundu, iliyo nje huelekea kuwa myeupe, na ndani ya msuli mkubwa mmoja mpito huohuo hujirudia. Itifaki ingesema "sentimita moja kutoka uso wa upande wa ngozi", hakuna lolote katika kisa hiki lingetokea, hata kwa siku mbili na zamu mbili.

Kuvunjika kwa uchanganyaji wa siku za uchinjaji kulishughulikiwa kama usumbufu wa usafiri, ilhali kulikuwa ni badiliko la muundo wa utafiti. Zuio lilipotangazwa, njia bora ingekuwa kuwaahirisha wote, au kuchinja nusu ya kila kundi kila mara. Kwa hali ilivyokuwa hilo lisingewezekana kwa wanyama waliokwisha kuhamishwa, lakini lingepaswa angalau kuandikwa kwenye daftari siku hiyohiyo, pamoja na jina la mkataji na hali ya mzoga. Daftari lilikuwa na tarehe na namba za hereni tu.

Hesabu yenyewe pia ilikuwa na kasoro ambayo isingeonekana kama kosa kubwa halingewafanya watu wazitazame slaidi kwa makini. Mwanafunzi alihesabu nyuzi katika maeneo machache madogo ya kila slaidi. Kwa mnyama ambaye nyuzi zake za polepole zimetawanyika, njia hiyo hutosha. Kwa nguruwe, eneo dogo huangukia ama juu ya kisiwa ama kati ya visiwa, na asilimia hupanda au kushuka kwa bahati. Inafaa kuhesabu vifungu vizima vya nyuzi, kutoka ukingo hadi ukingo, na kuwa na mamia ya nyuzi kwa kila sampuli kabla ya kutaja asilimia yoyote.

Lipo pia suala la uzito, ambalo watahini waliliuliza na ambalo data haikuweza kulijibu kikamilifu. Nguruwe wa kiwanjani walichinjwa baadaye, wakiwa na umri mkubwa zaidi, na bado walikuwa wepesi kuliko wa bandani. Unene wa nyuzi hufuata uzito na umri, na nyuzi za IIB hunenepa zaidi ya nyingine mnyama anapokua. Kwa hiyo hata kama idadi ya nyuzi za kila aina ingekuwa sawa kabisa katika makundi mawili, sehemu ya eneo la msuli inayochukuliwa na nyuzi nyeupe ingeweza kuwa ndogo kwa wale wa kiwanjani, na nyama yao ikaonekana nyekundu zaidi machoni pa mteja bila uzi hata mmoja kubadili aina yake. Huenda wauza nyama wako sahihi kwa njia hiyo, na ndiyo maana katika utafiti uliofuata shambani hapo wanyama walichinjwa kwa uzito ulio sawa, na asilimia zikaandikwa kwa namna mbili, kwa idadi na kwa eneo. Kipande cha paja sasa hufungwa uzi mweusi upande wa ngozi kabla ya kutolewa kwenye mzoga, na hakigandishwi mpaka alama hiyo imeandikwa kwenye daftari.